Moyo Wangu, Kiungulia Chao

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Lodwar.

Habari njema! Nina ugonjwa wa moyo.

Umenianza jana, baada ya chakula cha jioni kwa Nyakio, mwenye hoteli ya karibu na soko. Nilikula mbuzi wa kukaanga, chapati tatu, chai ya rangi vikombe vinne. Nikarudi, nikajilaza kitandani nje ya nyumba, kama tulalavyo wote hapa kwa sababu ya joto. Mara moto! Katikati ya kifua, unapanda mpaka kooni. Mtu mwingine angelia. Mimi nilimshukuru Mungu.

Sababu ni hii. Wiki iliyopita Bwana Wainaina, mkubwa wetu wa ofisi ya mifugo, alitusomea barua ya kutoka mkoani. Karani mmoja, mmoja tu, atahamishiwa karibu na kwao mwaka huu kwa ajili ya afya yake. Daktari anayekuja kwa ndege atatupima tarehe 16. Makarani tuko wawili, mimi na Elijah. Mimi nina miaka mitatu hapa. Mke wangu Rispa anafundisha shule kwetu Maragoli. Binti yetu Bilha naye ana miaka mitatu, na nimemwona mara mbili. Mara ya pili alimwuliza mama yake huyu mgeni ataondoka lini. Nilicheka pamoja na wengine. Neno hilo bado linaniuma.

Basi asubuhi nikaenda zahanati kuchukua karatasi ya moyo. Sista Chelangat akanipima, akaniuliza nilikula nini na nililala saa ngapi, akasema ni kiungulia. Kiungulia! Nililala na ugonjwa wa wakubwa, nimeamka na ugonjwa wa wajawazito.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa mifugo, alinieleza kwa boma. Tumboni mna maji makali ya kusaga chakula. Juu ya tumbo pana lango. Lango likilegea, maji yale hutoka na kupanda kooni kama mbuzi waliosahauliwa wazi. Ukishiba kupita kiasi na kulala chali, umewafungulia mwenyewe. Nikamwambia asinifundishe mifugo. Akanipa vidonge vyeupe vya kutafuna, vina ladha ya chaki, na orodha ya masharti ndefu kuliko Kumbukumbu la Torati.

Jumanne, 3 Agosti.

Nimefikiri kutwa. Sista aliponiaga alisema jambo moja la maana: maumivu ya moyo na ya kiungulia hufanana, hata wajuzi huchanganya. Akaendelea kwamba yale ya moyo huja mtu anapojikaza kwa kazi, hukimbilia mkono na taya, humtoa mtu jasho, na mtu akiyaona asingoje kesho, aje mbio. Hiyo sehemu ya pili sikuisikiliza sana. Ile ya kwanza ndiyo yangu. Kama wajuzi huchanganya, nitawasaidia kuchanganya.

Mpango: maumivu niyatunze, niyanenepeshe, yafike tarehe 16 yakiwa na afya nzuri.

Nimemwandikia Rispa pia. Nimemweleza kwamba moyo wangu umeharibika na kwamba amwandikie Bwana Wainaina barua ya machozi. Bahasha nimempa dereva wa lori la Kitale akaitie posta huko. Nilipoisoma mara ya mwisho nilijihurumia kweli.

Alhamisi, 5 Agosti.

Karani hodari hafanyi kazi kwa kubahatisha. Nimepiga mistari kwenye daftari: tarehe, chakula, chai, saa ya kulala, maumivu. Mbuzi tunawaandika hivyo hivyo: rangi, umri, chanjo, alikufa au hakufa.

Jumanne: ugali na samaki wa Kalokol wa kuchemsha, saa kumi na moja jioni. Nikaketi nikipiga soga mpaka saa tatu. Maumivu: hakuna. Hasara.

Jumatano: mbuzi wa kukaanga, pilipili, chai ya rangi vikombe vinne, sigara mbili, mshipi nimeukaza mpaka tundu la mwisho. Nikalala chali papo hapo. Maumivu: bora kabisa! Maji machungu mpaka mdomoni, kikohozi juu yake.

Leo asubuhi Lokwang, mchanjaji wetu, ambaye kitanda chake kiko hatua kumi kutoka changu, hakufurahi. "Wewe nakunywa chai kama ngamia, halafu naanguka kama gogo," akasema. "Hiyo chakula itateremka na njia gani?" Hajasoma hata darasa moja, na anasema maneno ya sista. Nimeanza kushuku kwamba wameungana.

Ijumaa, 6 Agosti.

Elijah amekuja kazini na mkongojo! Anadai mgongo. Anakaa kwenye kiti kama mtu aliyekalia mayai, anapiga chapa kwa mkono mmoja, na Bwana Wainaina amemwekea mto. Mto! Mimi mwenye moyo ninakalia ubao.

Nikaamua kumfichua. Hapa Lodwar kuna dawa moja ya kunyosha kila mgongo. Nilingoja ofisi ijae watu, nikapiga kelele: nyoka, chini ya meza ya Elijah!

Elijah hakukimbia. Aligeuka taratibu, akatazama chini, akaendelea kupiga chapa. Shida ni kwamba wakati wa kupiga kelele niliiona kamba ya gunia pembeni, na kwa jinsi ilivyojikunja nilijisadiki mwenyewe. Nilipopata fahamu nilikuwa juu ya kabati la mafaili. Sijui nilipandaje. Bwana Wainaina aliuliza kwa upole kama huo ndio moyo unaosumbua. Nikamwambia ndiyo, huo.

Jumapili, 8 Agosti.

Maumivu yamenenepa kuliko nilivyoagiza. Siku tatu sijalala. Sauti imekauka, kanisani nilifungua kinywa kwa pambio ikatoka pumzi tu. Nikasema nipumzike kidogo, nijaribu masharti kwa siri.

Sista anataka kichwa cha kitanda kiinuliwe. Kwanza niliweka mito mitatu. Vibaya zaidi! Nilikunjika tumboni kama kisu cha mfukoni, na maji yakapata msukumo. Nikasoma orodha tena: si mito, ni matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, mwili wote uteremke polepole kuelekea miguuni. Nikaweka matofali mawili. Lakini kitanda cha Lodwar kimesimama mchangani. Kulipokucha matofali yalikuwa yamezama yote, miguu ya kitanda juu yake imezama pia, na mimi nilikuwa nimelala kichwa bondeni. Lokwang aliyafukua kwa jembe. Kisha alikwenda kuwaambia wenzake, nikawasikia wakicheka mpaka mtoni.

Jumatatu, 9 Agosti.

Balaa. Bwana Wainaina amenituma Kakuma na Lokwang kuandika rejista ya chanjo ya mbuzi. Nikamkumbusha moyo wangu. Akasema aliuona juu ya kabati, anauamini kwa safari. Kakuma hakuna Nyakio. Nitakula nini cha kuniumiza?

Jumatano, 11 Agosti. Kakuma.

Nimeharibikiwa. Duka ni moja, pilipili zimekwisha, sigara zimekwisha, majani ya chai yanangojwa kutoka Kitale. Wafugaji wanatupa maziwa kidogo na nyama ya kuchemsha, na wanakula jua likiwa bado juu kwa sababu baadaye kuna mifugo ya kukusanya. Kutwa natembea kutoka zizi hadi zizi na rejista. Mshipi umelegea wenyewe.

Tunalala ukingoni mwa laga, mto usio na maji. Ukingo umeinama, kwa hiyo kichwa kiko juu na miguu chini, bila tofali hata moja. Lokwang amenifundisha kulala kwa ubavu wa kushoto. Yeye mwenyewe anaweka shingo juu ya kile kigoda chao kidogo cha mti, ekicholong, na kulala kama mfalme. Nilikiazima. Nilidumu nacho dakika mbili.

Maumivu: hakuna. Nimeandika hivyo kwenye daftari.

Ijumaa, 13 Agosti. Kakuma.

Maumivu: hakuna. Nilijilazimisha kupanda kilima kile cha mawe mara mbili, niuchokoze moyo. Nilihema, nikaona nchi nzuri, nikashuka. Hakuna.

Leo mzee Etabo, mwenye mbuzi mia tatu tuliowachanja, ametuchinjia mbuzi mmoja. Mkia wa kondoo wenye mafuta ulikuwepo pia, nikapata tumaini. Wazee wakaula wenyewe. Walisema mimi bado kijana.

Kabla ya kula, Etabo alitandaza utumbo wa mbuzi na kuusoma, kama wafanyavyo hapa, kujua mambo yanayokuja. Nikamwomba Lokwang aulize kama nitahamishwa. Etabo alitazama utumbo, akanitazama mimi, akajibu. Lokwang akatafsiri kwamba mbuzi anajua mambo ya mvua, ya adui na ya malisho. Mambo ya ofisi hajui.

Kisha mzee akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Yuko wapi? Mbali, kwao na mama yake. Akauliza ni nini kimenitenga nao: vita, au ukame? Nikasema ni barua ya kazi. Lokwang alitafsiri. Etabo akanikatia ini, sehemu ambayo haikuwa yangu kwa umri. Alinihurumia kweli, mtu ambaye hajawahi kupokea barua. Sikuweza kula haraka.

Jumatatu, 16 Agosti. Lodwar.

Ndiyo siku. Gari liliharibika njiani, tumeingia Lodwar saa tatu asubuhi na ndege imeshatua. Hakuna nafasi ya kupita kwa Nyakio. Nilikwenda kupimwa na tumbo tupu, kifua chepesi, nimelala vizuri siku tano. Nilijichukia.

Daktari wa ndege alinisikiliza kifuani, mgongoni, akanipima presha, akaniambia niruke ruke. Nikaruka. Akaniuliza naumwa nini. Nilishika kifua, nikalegeza magoti. Nikaona hatosheki. Basi nikatoa silaha yangu: daftari. Nikamkabidhi kama ushahidi.

Alilisoma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Akamwita Sista Chelangat asome naye. Akasema katika miaka yake yote ya udaktari hajapata mgonjwa aliyethibitisha kiungulia kwa ukamilifu namna hii. Siku za mafuta, chai na kulala chali: maumivu. Siku za kula mapema na kulala kichwa juu: hakuna. Kupanda kilima mara mbili: hakuna. Moyo mbovu, akasema, ungelalamika kilimani, si kitandani. Aliniomba ruhusa anakili ukurasa wa Kakuma.

Nilisahau kwamba karani akishapiga mistari huandika ukweli, hata usio na faida kwake.

Alinisihi nifuate masharti mwezi mmoja. Na nikishindwa kumeza, au nikikonda bila sababu, au nikipata choo cheusi, nirudi mara moja, hilo halina mzaha. Akanipongeza kwa moyo wenye nguvu. Sista akaongeza kwamba unapanda makabati.

Alhamisi, 19 Agosti.

Elijah amepata uhamisho. Anaondoka Jumamosi na lori.

Nilikwenda kumsaidia kufunga sanduku, nikiwa na nia ya kuchunguza mgongo ule kwa karibu. Nilimkuta sakafuni. Alikuwa ameanguka akijaribu kuvaa soksi, na hakutaka kumwita mtu. Mguu wa kushoto hausikii kitu, aliniambia, tangu Juni. Siku ile ya nyoka hakukimbia kwa sababu hakuweza. Alikuwa ameketi pale akingoja aumwe.

Nilimvalisha soksi. Nikamvalisha na ya pili. Nikamwambia viatu vyake ni vizuri. Nimeona aibu ambayo sikumbuki kuiona tangu nikiwa mtoto.

Nimekaa na aibu hiyo mpaka jioni. Kisha nimefikiri: mguu usiosikia kitu. Daktari anaupimaje?

Jumamosi, 21 Agosti.

Lori la kumchukua Elijah limefika kutoka Kitale, na limemshusha Rispa! Rispa, na sanduku, na kuku, na Bilha mgongoni!

Hakuandika barua ya machozi. Shule zimefungwa, akafunga safari mwenyewe. Siku mbili juu ya magunia ya unga, akijiuliza kama atanikuta hai. Alinikuta nimesimama kwa Nyakio na sambusa mkononi. Alinitazama kutoka juu mpaka chini. Akaanza kulia, na alipomaliza kulia akanigombeza mbele ya lori zima, na Lokwang, na kuku. Sikujitetea. Nilikuwa nimefurahi mno.

Bilha alijificha nyuma ya gauni la mama yake. Nikamwita. Akasema hapana. Nikampa sambusa. Akachukua sambusa, akasema hapana.

Jumapili, 22 Agosti.

Rispa amekwenda kwa Sista Chelangat bila kuniaga na amerudi anajua kila kitu. Pilipili ametupa. Chai ni maziwa na majani kiduchu. Chakula saa kumi na moja, sahani ndogo, na baada yake hairuhusiwi kulala mpaka saa tatu nzima zipite. Chini ya matofali ametanguliza mawe bapa ya kutoka mtoni, kwa hiyo hayazami. Miaka mitatu nimeishi juu ya mchanga huu na sikuwaza mawe. Nimelala kama mtoto.

Bilha anazunguka mbali nami kama ninavyozunguka yule jogoo mkali wa misheni. Lokwang amemwambia "ejok", salamu ya kwao, mara moja tu, na tayari anamfuata kila mahali akimjibu "ejok nooi". Mimi baba mtu nasalimiwa kwa mbali, tena mpaka asukumwe.

Jioni Rispa alisema neno lake. Nikipona, wanarudi na lori la Jumamosi, kwa maana nyumba ameachiwa jirani na mahindi yako shambani. Nisipopona, atakaa mpaka shule zifunguliwe, na ikibidi ataomba ruhusa akae zaidi. Nilimwuliza anaonaje hali yangu. Akasema ninaendelea vizuri sana.

Jumanne, 24 Agosti.

Leo saa saba mchana nilitoroka ofisini, nikaenda kwa Nyakio. Mbuzi wa kukaanga, nusu kilo. Chapati nne. Chai ya rangi, sikuhesabu. Nikarudi nyumbani, Rispa yuko mtoni kufua, nikalala chali kwenye mkeka kivulini na kuingoja hali yangu.

Ilikuja. Ilikuja na ndugu zake wote. Moto ulipanda mpaka masikioni. Niligumia, na safari hii sikuwa naigiza.

Bilha alikuwa akicheza na vijiti ukutani. Akasimama. Akasogea hatua moja, akangoja, akasogea nyingine. Nilifumba macho nisimtishe. Nikasikia mkono kifuani, mdogo, una mchanga. Akauliza, "Baba, inauma hapa?"

Baba! Nikasema ndiyo, hapo. Akainama, akapuliza. Fuu, fuu, kama bibi yake anavyompulizia akijikwaa. Mate mengi kuliko upepo. Akaniuliza kama imepona. Nikasema bado kidogo. Akapuliza tena, halafu akaketi, akaegemeza kichwa hapo hapo panapouma, tukakaa hivyo mpaka Rispa aliporudi na ndoo. Machozi yalinitoka. Rispa alidhani ni ya kiungulia, akakimbilia vidonge.

Jumatano, 25 Agosti.

Rispa amesikitika. Anasema alidhani masharti yanafanya kazi. Ameahirisha lori la Jumamosi. Bilha amekuja mara mbili asubuhi kabla sijaenda kazini, kuuliza kama naumwa, akakata tamaa aliposikia siumwi, akarudi kwa Lokwang.

Nimekaa ofisini peke yangu, mbele ya kiti cha Elijah, na nimepima mambo kwa utulivu. Sista anasema mwezi mmoja wa masharti na lango litajifunga. Mwezi mmoja! Na nikishapona, nitakuwa nani? Mgeni mwenye afya. Kwa hiyo nimepanga: Rispa akiwepo, sahani ndogo na maziwa, asivunjike moyo. Mchana, kwa Nyakio, vya kukaanga, kila baada ya siku moja ili tumbo lipate nafasi. Chapati ziwe tano. Kwa mpango huu ninaweza kuumwa mpaka Septemba, na nikiwa mwangalifu, mpaka Krismasi.

Ningeweza pia kumwomba Rispa akae. Kumwambia tu, kwa mdomo, kwamba nawataka hapa. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko yote. Nimeona ni kazi nzito mno kwa mtu mwenye kifua kama changu.